Robo Tatu ya Sahani

3 Februari

Mdogo wangu,

Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu tumeshindwana. Jumapili ulinikatia, Jumatatu nikakukatia mimi, na jana tulikatiana kwa pamoja, hata sijui nani alishinda. Kwenye karatasi huwezi kunikatia. Itabidi unisome hadi mwisho. Dereva wa lori la nyanya amekubali kuwa posta yetu, maana anapita kwangu na kwako kila wiki.

Habari ya mguu ni hii, bila kuipamba. Kipande cha mfupa kiliingia ndani ya buti nikiwa kazini, nikatembea nacho kutwa nzima bila kuhisi chochote. Daktari anasema mtu mwenye sukari miguu yake hufa ganzi, na mimi siku zote nilidhani sukari ni ugonjwa wa watu wa soda. Kidonda kiko chini ya kidole gumba na hakitaki kufunga. Daktari wa upasuaji amenipa mpaka mwisho wa Aprili. Sukari ikishuka na kidonda kikifunga, vyema. Kisipofunga wanakata kidole, na huenda wakapanda juu zaidi ya kidole. Aliyasema hayo huku akiandika mambo ya mgonjwa mwingine.

Mimi ni muuza nyama, mdogo wangu. Kazi yangu yote ni kusimama. Naomba usilie, maana sitakatwa.

Tiba nimeipata. Kuna mteja wangu mnyanyua vyuma, mwenye shingo nene kuliko paja langu, amenifundisha mlo wa watu wa kale. Kabla watu hawajaanza kulima walikula nyama, samaki, mayai, njugu na matunda ya porini. Mkate hakuna, wali hakuna, maharage hakuna, maziwa hakuna, sukari ndiyo kabisa. Nilipomsikia nilitaka kumkumbatia. Miaka yote hii nimekuwa nauza tiba na sijui!

Kwa hiyo majani yako baki nayo. Tangu uache nyama umekuwa mwembamba kama uzi unaoshonea. Wifi yako anakusalimu, na wateja wote wanaoniita Bwana Mizani wanakusalimu pia.

Kaka yako,
Bwana Mizani


9 Februari

Kaka,

Nimekusoma hadi mwisho kama ulivyotaka, gauni la bibi harusi likiwa mapajani na sindano mdomoni. Nimelia, kwa hiyo hilo ombi lako la kwanza limeanguka. Halafu nikapandwa na hasira, na hasira ndiyo iliyonitafutia kalamu.

Hao watu wako wa kale walimfukuza mnyama kwa miguu tangu jua linachomoza, na mara nyingi walirudi mikono mitupu wakala mizizi na majani. Wewe mnyama wako analetwa na gari mpaka mlangoni, ameshachunwa. Zoezi lako kubwa ni kufungua friji. Huyo mnyanyua vyuma ananyanyua vyuma, kaka. Wewe unanyanyua nini, ukiacha uma?

Mimi nina mwaka wa nne sasa bila nyama, bila maziwa, bila yai. Nakula maharage, dengu, mboga, matunda, mbegu na nafaka isiyokobolewa. Tumbo langu limetulia, ngozi yangu nzuri, na nashona magauni mapya wakati wenzangu wa rika langu wanalalamika migongo. Ukitaka kuuokoa mguu huo acha nyama. Sisemi punguza, nasema acha. Hapa hakuna nusu nusu, maana hata wao hawatakukata nusu.

Nisamehe kwa hilo la mwisho. Nimelisoma tena na sitalifuta, kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi.

Mdogo wako,
Fundi


14 Februari

Wifi yangu,

Barua hii kaka yako haijui, na ukimtajia nitakana mbele ya watu.

Barua yako ameisoma dukani. Ameisomea foleni nzima ya wateja, kwa sauti yako ile ya puani, na alipofika kwenye kunyanyua uma watu walivunjika mbavu. Alicheka kuliko wote. Lakini alipofika mwisho aliikunja, akaiweka mfukoni mwa shati.

Sasa nikuambie asiyokuambia yeye. Asubuhi nyama, mchana nyama, jioni nyama, na katikati njugu za kurushia mdomoni. Yule kijana wa vyuma alimwambia na mboga pia, mboga nyingi, nilikuwepo nikasikia kwa masikio yangu. Ila kaka yako sikio lake lilifunga pale pale kwenye neno nyama. Na vidonge vya sukari ameviacha. Ati watu wa kale hawakuwa na vidonge. Muuguzi anayemfunga kidonda alimpima juzi, akaitazama ile mashine, akaitikisa akidhani imeharibika. Haikuwa imeharibika.

Wewe nawe unamwambia aache nyama kabisa. Wifi, yule akisikia acha nyama anasikia acha kazi, acha jina, msahau baba aliyekufundisha kushika kisu. Kila mmoja wenu ameshika ncha yake ya kamba anavuta, na katikati ya kamba ni mguu wa mume wangu. Legeza kidogo. Wewe ndiye mwenye akili, au angalau ndivyo unavyotuambia kila ukija.

Wifi yako


18 Februari

Kaka,

Nimetulia. Maji ya kunywa nimekunywa, cherehani nimeifunika, na nitaongea kama mtu mzima.

Sisi mafundi tukitaka kujua kama magauni mawili yanaweza kutoka kwenye kitambaa kimoja, tunaweka kiolezo juu ya kiolezo. Nimefanya hivyo na milo yetu. Wako nimeuweka chini, wangu juu, na nimeona aibu. Tumetukanana zaidi ya wiki mbili kumbe inafanana karibu kote. Wako unakataza sukari, soda, unga mweupe na vitu vya kukaangwa vya kwenye pakiti. Wangu pia. Wako unataka mboga, matunda, njugu na mbegu, na usinibishie, kamuulize mnyanyua vyuma wako mbele ya mashahidi. Wangu pia. Kinachotokeza pembeni ni nyama yako kwa upande mmoja, na maharage na nafaka zangu kwa upande wa pili. Basi.

Tupatane hivi. Mimi naachia nafaka, kwa sababu wali na mkate vinakupandisha sukari. Wewe unakubali upawa mmoja wa maharage, hata kama watu wa kale watageuka makaburini. Nyama sikunyang'anyi. Robo tatu ya sahani iwe mboga, na robo inayobaki iwe nyama yako, au samaki, au yai. Soda isikanyage mlango huo.

Mwonyeshe muuguzi barua hii kabla hujaanza. Na kama daktari alikuandikia vidonge, vimeze. Siulizi kama unavimeza. Nasema tu, vimeze, na mguu uuinue juu ya kiti ukipumzika.

Mdogo wako,
Fundi


25 Februari

We mtoto,

Umekusudia kuniua urithi duka.

Barua nilimwonyesha muuguzi. Akaisoma kwa makini, akasema huko kwao hakuna mlo wa namna hiyo, lakini hana ugomvi nao, mradi nameza vidonge na napima sukari kila siku. Nikasema haya, mimi ni mwanaume, nikishika kitu nimeshika.

Nikarudi nyumbani. Robo tatu kwa robo. Nikaweka nyama yangu kwenye mizani, nusu kilo, chakula cha mtu mzima. Kwa hiyo mboga kilo moja na nusu. Mdogo wangu, umewahi kuyaona majani ya kilo moja na nusu? Sufuria lilijaa, la pili likajaa, wifi yako akaleta beseni la kufulia. Yakichemka yananywea, hilo nakubali, lakini yakinywea yanakuwa mazito kama matofali. Nilikula tangu taarifa ya habari ilipoanza mpaka watangazaji wakaagana. Taya ziliniuma kuliko mguu.

Kesho yake dukani tumbo likaanza kunguruma. Mama mmoja mtu mzima aliuliza, kwa heshima zote, kama ng'ombe kule nyuma bado hajachinjwa.

Lakini nikujulishe jambo moja. Mimi sijawahi kushindwa na mizani tangu nianze kazi, na sitashindwa na mchicha. Ulisema robo tatu, itakuwa robo tatu. Na huyo ndege wako anayekuletea habari za vidonge, mwambie nimevirudia na atulie kwenye mti wake.

Kaka yako,
Bwana Mizani
(bado hai)


2 Machi

Wifi,

Ndege anakusalimu kutoka kwenye mti wake.

Nimecheka mpaka nimetafuta pa kushika. Mimi nilijua tangu siku ya kwanza kwamba ulimaanisha robo tatu kwa macho, kama mtu anavyogawa kitambaa. Wewe unaona upana. Yeye haoni upana, yeye anaona uzito tu. Hata alipokuja kuniposa, baba yangu alimpa kiti, akakinyanyua kwanza kukipima ndipo akakikalia.

Sasa sikiliza kilichotokea. Siku ya tatu aliona kilo na nusu haiwezekani. Kupunguza mboga peke yake hawezi, hesabu itavunjika. Basi akapunguza vyote viwili. Majani yakashuka mpaka kiasi anachoweza kukimaliza, na nyama, ili mizani ikae, ikashuka nayo. Wifi, nyama yenyewe sasa ni kipande cha kufunikwa na kiganja cha mtoto! Bwana Mizani, anayekula nusu kilo kama kionjo! Anakitazama kile kipande kwa huruma, anakipima tena, mizani inamwambia ndiyo, na anakila taratibu kama anaagana nacho. Mizani ikisema hana ubishi. Mimi nimesema mwaka hadi mwaka hajanisikia.

Nimwambie kwamba amekosea, au nikae kimya?

Wifi yako


6 Machi

Wifi yangu,

Ukimwambia tutagombana mimi na wewe. Funga mdomo na ufungue dirisha, maana kwa majani hayo nyumba itahitaji hewa. Muuguzi anajua anachokula na sukari inapimwa kila siku, kwa hiyo tumwache na mizani yake. Ningemshauri kwa mwaka mzima nisingempunguzia nyama kiasi hicho.

Kwa kuwa tumeshakuwa watunza siri, nikupe na yangu. Wiki iliyopita nilianguka kazini. Nilikuwa nasimama kuchukua mkasi, macho yakaingia giza, nikajikuta sakafuni kati ya vipande vya lesi na wasichana wa dukani wananipepea kwa gazeti la mitindo. Daktari amenipima damu. Imepungua, na kuna vitamini fulani mwili wangu hauna, ambayo kwenye mimea haipatikani. Alisema nilipaswa kuwa naimeza ya vidonge tangu nilipoanza, au nile mayai na samaki mara moja moja. Mimi niliyempigia kaka kelele za vidonge!

Vidonge nimevichukua. Lakini naomba asijue. Nimemhubiria miaka minne, wifi. Akijua atabandika tangazo kwenye mlango wa duka.

Wifi yako,
Fundi


22 Machi

Mdogo wangu,

Keti. Umeketi?

Sukari imeshuka. Imeshuka, imeshuka, imeshuka! Muuguzi ameitikisa tena ile mashine, safari hii kwa furaha. Kidonda kilikuwa na ukubwa wa kifuniko cha chupa, sasa ni kama kifungo cha shati, na pembeni nyama mpya imeota, nyekundu safi. Mimi naijua nyama nzuri nikiiona, na hii ni ya kwangu mwenyewe.

Mkanda nimeukaza matundu mawili. Maharage nayala. Mwanzoni niliyala kwa kinyongo, sasa naulizia kama yamebaki. Mnyanyua vyuma alikuja akaona bakuli langu la mchana, akashika kichwa, akasema huo si mlo wa watu wa kale, maharage yamekatazwa. Nikamjibu kwamba huu ni mlo wa mwindaji aliyeoa binti wa mkulima. Walipooana hawakufa njaa wala hawakupeana talaka, na mimi ni mtoto wao. Foleni nzima ilipiga makofi. Hata yeye alicheka, akaomba kuonja.

Wateja wameanza kuniuliza. Juzi mwalimu mmoja aliomba nimpimie na mboga! Nikamwambia akanunue kwa muuza mboga jirani, arudi, nitampimia bure. Muuza mboga na mimi tulikuwa hatusalimiani kwa sababu ya kivuli cha mwavuli wake. Sasa ananiita shemeji.

Nitashinda, mdogo wangu. Wifi yako ananiangalia siku hizi kwa jicho ambalo sijaliona tangu tuoane.

Kaka yako,
Bwana Mizani


5 Aprili

Wifi,

Mambo yameharibika.

Alipata oda ya shule ya bweni. Nikamwambia atafute mtu amsaidie kukata. Akasema sukari iko chini, yeye ni mzima. Alisimama mbele ya gogo la kukatia nyama tangu alfajiri hadi kufunga, siku mbili mfululizo, buti miguuni. Juzi usiku alipovua, kidonda kimefunguka, mguu umevimba mpaka kwenye kifundo, homa juu. Tumelala hospitali. Wamempa sindano za kuua vijidudu. Daktari wa upasuaji ameweka tarehe, ni thelathini mwezi huu, na hakusema labda.

Tumerudi nyumbani leo. Anakaa anautazama ukuta. Niliweka mboga mezani akaisukuma, akasema, "Nilikula majani kama sungura, na wanakata vile vile. Bora wakate tuishie." Mizani ameifunika na gunia. Wifi, sijawahi kumwona mume wangu amefunika mizani.

Mwandikie. Mimi maneno yameniishia.

Wifi yako


8 Aprili

Kaka yangu,

Leo sikutanii sana. Nina mambo matatu ya kukuambia.

La kwanza. Nilianguka sakafuni kazini mwishoni mwa Februari. Damu yangu ilikuwa imepungua, na kuna kitu ambacho mlo wangu wa mimea haukunipa. Nilikuficha kwa sababu ya kiburi. Wewe ulikuwa unazisoma barua zangu dukani kwa sauti, na mimi sikuweza kukiri hata neno moja. Vidonge nilipewa, na nilikuwa navisahau, navisahau makusudi nadhani. Leo asubuhi, baada ya barua ya mkeo, nimechemsha mayai mawili. Nimeyatazama sana. Halafu nimeyala yote, na chumvi. Jioni nitakula samaki. Wewe ulikula majani yangu ulipokuwa huyataki. Zamu yangu.

La pili. Robo tatu niliyosema ilikuwa ya macho. Nilimaanisha uso wa sahani, kaka, si uzito. Mimi na wifi tulijua tukakunyamazia, kwa sababu kosa lako lilikuwa linakuponya kuliko ushauri wangu. Tukane ukitaka.

La tatu ndilo kubwa. Chakula hakikushindwa. Sukari ilishuka, kidonda kilianza kufunga, hayo uliyaona kwa macho yako. Kilichokuangusha ni kusimama. Hakuna mlo duniani, wa kale wala wa leo, unaofunga kidonda kinachokanyagwa kutwa nzima. Mimi nashona nimeketi na magauni yangu yanaolewa. Nani aliyekuambia nyama haikatwi umeketi?

Vidonge, sindano, mguu juu, na chakula chako. Vyote vinne. Tarehe thelathini bado haijafika. Sikubali, kaka. Mimi nimekula yai kwa ajili yako, na wewe hutalifanya yai langu liende bure.

Mdogo wako anayekupenda, ingawa huwa sisemi,
Fundi


12 Aprili

Mdogo wangu,

UMEKULA YAI!

Nilikuwa nimelala nimegeukia ukutani wifi yako alipokuwa ananisomea. Alipofika pale nikageuka. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamnyang'anya karatasi nikasoma mwenyewe. Mdogo wangu, mimi nilitaka kuandika barua nzima ya kukucheka, nina miaka minne ya vichekesho nimekuwekea, na nimeshindwa. Nimelia kama mtu aliyekatiwa kitunguu. Uanguke huko sakafuni peke yako, na mimi kaka yako nina duka zima la maini? Uwe unanificha magauni, usinifiche damu yako.

Kuhusu robo tatu ya macho, nimesikia, na nimekataa. Macho yana tamaa, macho yangu nayajua. Mizani haina tamaa. Nimeifunua, nimeifuta vumbi, na leo mchana imenipimia kama kawaida.

Na kuhusu kukaa. Nimemwita seremala. Amekata miguu ya gogo langu, badala ya mimi kukatwa wa kwangu. Sasa gogo linanifika kifuani nikiwa nimeketi, mguu mbaya uko juu ya kreti lenye mto, na yule mnyanyua vyuma amejitolea kubeba mapande kutoka kwenye friji mpaka kwangu, anasema ni mazoezi. Wateja walishangaa siku moja tu. Siku ya pili mama mmoja alisema nakata vizuri zaidi, nyuzi za nyama zimenyooka. Ni kweli. Nikiwa nimeketi sina haraka.

Homa imeondoka. Uvimbe umeshuka. Muuguzi haongei sana siku hizi, anafunga kidonda huku amekunja midomo, lakini jana alipotoka nilimsikia anaimba kwenye korido.

Nimempa dereva maini yako kwenye sanduku la barafu. Ukiyaivisha sana yatakuwa kama soli. Na ukiyagawa, yagawe kwa mizani, usiliulize jicho.

Kaka yako


30 Aprili

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, karatasi nimeomba kwa karani, naandikia juu ya paja, kwa hiyo soma pole pole.

Niliingia saa mbili asubuhi, bila kula, kama walivyoagiza kwa mtu wa kukatwa. Wifi yako alikuwa amebeba mkoba wa kulala. Wiki hizi mbili muuguzi alikataa nisichungulie kidonda, ati neno la mwisho ni la daktari. Wakanilaza kitandani, wakanivalisha lile shati lisilo na mgongo. Daktari wa upasuaji akaja na wanafunzi wake, anaongea nao, hanitazami, akasema, "Huyu ndiye wa kidole." Akafungua bandeji.

Akainama.

Akavuta taa. Akageuza mguu huku, akaugeuza kule, akapitisha kidole chini ya kidole changu gumba, mara ya kwanza, mara ya pili. Akaangalia mguu wa pili, nadhani alifikiri ameshika mguu usio wenyewe. Halafu akanitazama usoni, tangu Januari ndiyo mara ya kwanza mtu yule ananitazama usoni, akasema, "Mzee, hapa mimi sina kazi."

Mdogo wangu! Kimefunga! Kimefunga chote, ngozi mpya kutoka pembe hadi pembe, imepauka kidogo, nzuri kama kitambaa chako cha harusi. Wifi yako alipiga kigelegele ndani ya wodi, wakamkanya, akapiga cha pili. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, ambaye hatujuani, alinyanyua mkono tukagonganisha viganja.

Daktari akaniuliza nilikula nini. Wanafunzi wakanizunguka. Nikawaeleza yote, mwindaji na binti wa mkulima, maharage, mizani, gogo lililokatwa miguu. Mmoja akauliza kama basi kila mgonjwa aambiwe ale hivyo. Daktari akasema hapana, kila mtu na mwili wake, na huyu alimeza dawa, alipumzisha mguu, alipima sukari kila siku, na alikula mboga kuliko mtu yeyote anayemjua. Akasema majina ya milo hayamhusu, kilichomhusu ni kwamba mtu alishika. Nikasema, "Tulikuwa watatu tulioshika." Kidonge kimoja amenipunguzia, vingine naendelea navyo, na kila siku niikague miguu yangu kwa kioo. Nitaikagua! Nitaitazama kama mchumba!

Sikuvaa buti. Wamenipa viatu laini, vya mtu mzima, na nimevivaa vyote viwili, kulia na kushoto. Nimetembea korido yote mpaka mwisho nikarudi. Hakuna aliyenishika.

Jumamosi napanda basi kuja kwako. Usije stendi kunipokea, na usimtume mtu. Kutoka hapo mpaka kwako ni mlima na ngazi, najua, na daktari amesema nipande taratibu, nikipumzika. Nitapumzika kila nikitaka. Lakini nitaupanda. Wewe zima cherehani, acha mlango wazi, usikilize ngazi. Ukisikia mtu mzito anapanda, hatua moja na ya pili, moja na ya pili, usitoke. Kaa hapo hapo uzihesabu mpaka nifike.

Kaka yako,
mwenye miguu miwili